Pazia la Bibi Mwanaidi

Mwezi uliopita Sikudhani alipita Mikumi akitoka Chanzuru kumzika mama yake. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya lori la mtu wa Makambako, namalizia herufi ya mwisho ya jina la mkewe kwenye ubao wa nyuma, nikasikia mtu anasema, "Masanja, bado hujamaliza tu?" Sikugeuka mara moja, kwa sababu herufi ukiikatiza katikati huonekana. Nilipogeuka nikamwona amejitanda khanga ya msiba, nywele za mbele zimekuwa nyeupe, na nyuma yake wamesimama vijana watatu wa mjini wenye mabegi mgongoni. Nikampa pole. Tukakaa kwenye benchi la mama ntilie, akaagiza ugali na dagaa kwa wote, na wale vijana wakawa wananitazama kama watu waliokwisha kusimuliwa habari zangu. Mmoja wao, msichana, akaniuliza, "Fundi, ni kweli mashine ya kwanza iliendeshwa na mota za waipa?" Nikasema ndiyo. Nilitaka kusema mengi zaidi ya hayo, lakini tangu utoto maneno yangu huchelewa kutoka, na kabla sijayapanga gari lao likapiga honi. Sikudhani akacheka. "Yaandike basi," akasema. "Wewe andika, hata kama itakuchukua mwaka." Sitaeleza nilikotoka wala ilikuwaje nikaishia darasa la saba. Watu wa Tindiga wanajua, na wengine haitawasaidia. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule ambao Sikudhani alirudi na mashine.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimepanga chumba mjini Kilosa kwa Mama Zawadi. Kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoo, makopo yangu ya rangi yaliyopangwa chini ya kitanda, na dirisha dogo lililotazama jiko la uani, kwa hiyo kila kilichopikwa nilikijua na kila kilichosemwa nilikisikia. Niliandika majina ya maduka na saluni kwa brashi. Kazi ilikuwa chache, lakini ilinifaa kwa sababu haikudai kuongea. Mtu ananiambia neno, ninaliweka ukutani, basi. Siku moja nikiwa nimelala baada ya chakula cha mchana, nikasikia Mama Zawadi na jirani yake wanachambua mchele chini ya dirisha langu. "Yule binti wa Chanzuru karudi," alisema Mama Zawadi. "Yupi?" "Sikudhani, aliyesomea uinjinia. Mpaka Uchina kafika." "Karudi na gari?" "Karudi na ndoo za rangi na mota za waipa. Anataka chumba hapa." "Mh! Mungu amrehemu." "Hajafa, bibi we!" "Najua hajafa. Namwombea mapema." Wakacheka mpaka ungo ukamwagika, na mimi nikajifunika shuka usoni nisicheke kwa sauti.

Chumba alichopewa kilitazamana na changu. Mlango wake ulikuwa wazi tangu asubuhi hadi jioni, na hilo peke yake liliwashangaza wapangaji, kwa sababu sisi sote tulikuwa watu wa kufunga. Ndani hakukuwa na kitanda kwa siku za mwanzo. Kulikuwa na meza. Juu ya meza kulikuwa na mota mbili zilizotolewa kwenye malori mabovu, betri ya gari, kijibao cha kijani cha saketi za umeme kisichozidi kiganja, simu ya zamani iliyopasuka kioo, na waya za breki za baiskeli zilizosukwa kama nywele. Alianza na kamba za katani, akaziacha, kwa sababu katani ikipata umande hufupika na mstari unakwenda ovyo. Kwenye mlango alikuwa amebandika mchoro wa mashine nzima, kila skrubu na mahali pake. Mafundi redio walikuja kuupiga picha kwa simu zao. Mama Zawadi alipoona hivyo akamvuta pembeni, ingawa pembeni pale palikuwa dirishani kwangu. "Mwanangu, watakuibia." "Hawawezi kuiba, mama. Nimewapa." "Umesoma miaka yote hiyo ili ugawe?" "Kitu kisichofunguka si chako, mama, hata kama umekinunua. Mimi nataka hiki kiwe cha watu." Mama Zawadi akasema, "Haya. Lakini sufuria yangu usiifungue." Nimesikia watu wengi wenye shule wakieleza maana ya teknolojia huria tangu siku zile, wengine kwenye video ambazo Sikudhani hunitumia, na sijasikia aliyeieleza kwa maneno machache kuliko aliyoyasema pale jikoni, huku akichota maharage kwa mkono mmoja na mwingine umeshika bisibisi.

Mara ya kwanza mashine ile kufanya kazi ilikuwa asubuhi, kwenye ukuta wa uani. Aliipandisha ikaning'inia kwa waya mbili kutoka kona mbili za juu, mota moja kila upande, na katikati kijisanduku chenye brashi. Watoto wakaiita Buibui kabla haijasogea hata inchi. Ilipoanza, mota zikaguna kama waipa ya lori kwenye mvua, kijisanduku kikateremka, kikaenda kushoto, kikasimama, kikagusa ukuta, kikaacha mstari. Hakuna mkono. Nilikuwa mlangoni kwangu nimeshika mswaki. Mstari ukapinda, ukarudi, ukakutana na mwenzake mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa amepaweka alama, na kwa muda mrefu hatukujua ni nini. Halafu likatokea jicho, na jicho lilipotokea sote tukajua kwa pamoja, tukapiga kelele. Alikuwa kuku wa Mama Zawadi, yule mwekundu mwenye kilema cha mguu, mkubwa kama ng'ombe. Mama Zawadi akatoka na mwiko. "Nani kakuruhusu kuku wangu?" "Shikamoo, mama. Si uliniruhusu ukuta?" "Ukuta ndiyo. Kuku sikusema." Akamtazama kuku wa ukutani, akamtazama wa chini. "Mbona mkubwa kuliko mimi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka, kama mtu aliyeingia mahali pa ibada. Mimi nilirudi chumbani. Nilikaa juu ya kitanda nikayatazama makopo yangu. Nilikuwa nimeona kitu kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona, na nilikuwa nimeona njaa yangu.

Alikuja kugonga mlango wangu kabla jua halijapanda sana. "Ni wewe uliyeandika Saluni ya Mwanahawa pale stendi?" Nikaitikia kwa kichwa. "Nilisimama pale nikapitwa na basi," akasema. "Unaandika kama Buibui. Polepole, wala hurudi nyuma kufuta." Akanipa bisibisi. "Unaiogopa. Basi ifungue." Nikaifungua. Ilinichukua siku ile yote kuifungua na siku iliyofuata kuifunga, na yeye hakunisaidia wala hakunisemesha; aliniletea tu sahani ya wali akaiweka pembeni ya meza. Nilipomaliza na ikaguna, nilisikia kitu kifuani ambacho hadi leo sina jina lake. Haikuwa imeacha kunitisha, ila sasa ilinitisha nikiwa naifahamu.

Tulihamia Mikumi ukame ulipokolea, kwa sababu kule kuna malori, yaani kuna vyuma chakavu, na kuna kuta zinazotazama lami. Tulipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba ya wageni ambako godoro lilinuka dizeli ya wageni wote waliotangulia. Asubuhi tulikula chapati na supu pamoja na madereva na utingo wao, na mchana Buibui alichora. Alichora twiga kwenye ukuta wa maegesho, urefu wake halisi, pembe zimegusa ukingo wa bati. Alichora tembo, ukuta ukaisha kabla ya tembo, akamalizikia kwenye ukuta wa jirani baada ya jirani kubembelezwa. Madereva walisimama na vikombe vya chai mkononi, chai ikapoa. Nakumbuka mmoja, mtu mnene mwenye kofia ya barakashia, alimtazama twiga mpaka utingo wake akamwita mara mbili. "Huyu nilimwona jana kule mbugani anavuka barabara," akasema. "Nikapunguza mwendo. Leo amenifuata kunisalimia." Sikudhani alikuwa akisikia maneno kama hayo anageuka upande mwingine, anajifanya anakaza nati.

Sasa kuna jambo la kazi ambalo lazima nilieleze. Kabla Buibui hajachora, ilibidi ajue katikati ya ukuta ni wapi. Simu iliwekwa mbali, ng'ambo ya barabara, iutazame ukuta kwa kamera, na ili iione katikati Sikudhani alipiga hapo mistari miwili mikubwa inayokatana, kwa rangi nyekundu, kwa sababu nyekundu inaonekana kutoka mbali. Kwenye kuta za maegesho hakuna aliyejali. Ukuta uliofuata ulikuwa wa nyumba ya Mzee Kondo, mstaafu wa reli, aliyeishi na mkewe Bibi Mwanaidi kandokando ya lami. Wenyewe walikuwa wamekwenda harusini Kilosa. Mpangaji wao wa chumba cha mbele, kijana fundi simu, alituambia amempigia mzee na mzee hana neno, kumbe hakumpigia kabisa. Sikudhani akapiga alama yake. Jioni hiyohiyo mota ya kulia ikaanza kukwama, na asubuhi tukapanda gari kwenda Kilosa kuchukua nyingine iliyokuwa kwa fundi. Mpangaji naye akaenda Morogoro kununua vioo vya simu. Kwa hiyo Mzee Kondo na mkewe waliporudi kutoka harusini, waliikuta nyumba yao ina alama kubwa nyekundu ya kukatana, na hakuna mtu wa kuwaeleza.

Msomaji wa huku hahitaji kuambiwa maana yake. Barabara inapopanuliwa, nyumba iliyo ndani ya eneo lake hupigwa alama hiyohiyo, rangi hiyohiyo, na siku ikifika inabomolewa. Mtu mwenye akili hangoji siku ifike. Anatoa bati zake, milango, madirisha, kila kitakachofaa kujengea kwingine, kwa sababu tingatinga halichagui. Mzee Kondo alikuwa mtu mwenye akili.

Tulipofika kutoka Kilosa, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba nyumba imekuwa fupi. Halafu nikaona mbingu mahali pa bati. Bati zilikuwa zimepangwa vizuri zikaegemezwa kwenye mti wa mwarobaini, mlango juu yake, na kando ya lami kabisa vyombo vyote vya ndani: kabati, vyungu, beseni, kitanda kilichofunguliwa, masanduku. Muuza chipsi wa jirani naye alikuwa amekwisha kufunga karai zake. Bibi Mwanaidi alikuwa amekaa juu ya godoro, khanga zake mbili amezitandaza pande zote, na nilichelewa kuelewa kwamba alikuwa amelikalia ili watu wasilione. Mzee Kondo alikuwa kwenye kigoda, ananyoosha misumari iliyopinda kwa nyundo juu ya jiwe, mmoja baada ya mwingine, na kuitia kwenye kopo.

"Shikamoo, babu," Sikudhani akasema. Mzee akaendelea na msumari wake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mmesikia? Wanabomoa."

"Nani kasema, bibi?"

"Ukuta si huo? Tumemuuliza mtendaji wa kata, anasema hana taarifa. Mtendaji huwa wa mwisho kujua."

Sikudhani akasimama mbele ya ukuta akiwa bado ameshika mota mkononi. "Babu," akasema, "ile alama ni yangu."

Nyundo ikasimama. "Wewe ni serikali?"

"Hapana, babu. Ni ya mashine. Mashine inataka kujua katikati ya ukuta ni wapi."

"Mashine ilitaka kujua katikati," Mzee Kondo akarudia polepole, kama mtu anayesoma, "na mimi nikatoa bati."

Utingo mmoja akaangua kicheko, na kicheko kikashika watu wote waliokuwa wamekusanyika, wakawa wanashikana mabega. Ni Bibi Mwanaidi peke yake ambaye hakucheka. Alitazama chini na kuivuta khanga ifunike kona ya godoro iliyobaki nje. Sikudhani alilia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalishuka tu na hakuyafuta. Akasema ataita mafundi waezeke leo hiihii. Mzee akakataa. Akasema bati alizitoa mwenyewe na atazirudisha mwenyewe, lakini hazirudishi. "Kila aliyepita kwenye lami hii jana na leo ameona Kondo anahama. Watu wa Tunduma wameona, watu wa Dar wameona. Nikirudisha kimyakimya watasema Kondo kakaidi serikali, ngoja abomolewe. Mashine yako imeniambia nihame. Sasa iniambie nibaki. Na iniambie kwa sauti ileile."

Mtendaji wa kata akaja, akasema atatoa barua kuthibitisha kwamba nyumba haina shida. "Barua itasomwa na mmoja," mzee akamjibu. "Ukuta umesomwa na wote." Upande wa milima ya Udzungwa mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, mawingu ya vuli, meusi chini na meupe juu, na kila mtu aliyataja isipokuwa yeye. Siku ile wazee walilala chini ya turubai la lori walilopewa na dereva. Kesho yake Sikudhani alijaribu kuifuta alama kwa rangi nyeupe, nyekundu ikajitokeza tena, ikawa ya waridi, mbaya zaidi. Mimi nikakusanya ujasiri nikasema labda niandike maneno. Mzee Kondo akanitazama. Alikuwa amekwisha kuniuliza kabila langu, na kwa hiyo nilikuwa mtani wake. "Wewe Msukuma, ng'ombe wenu wamekula mahindi yetu, sasa umeniletea mtu wa kula bati. Maneno gani utaandika? Nyumba ya pale kwenye kona iliandikwa Nyumba Hii Haiuzwi. Iliuzwa." Watu wakacheka tena, lakini safari hii naye alitabasamu kidogo, na akamgeukia Sikudhani. "Na marahaba yako ya jana, nimekupa," akasema.

Jawabu lilitoka kwenye godoro. Asubuhi ya pili Sikudhani aliwapelekea wazee uji, akakaa chini karibu na Bibi Mwanaidi, na nikasikia yule bibi anasema kwa sauti ndogo, "Mimi shida yangu siyo bati. Mimi wameniona ndani. Miaka arobaini hakuna aliyeona ninapolala, leo mpaka utingo ananionea godoro." Juu ya godoro sasa alikuwa ametandaza pazia la mlango, jeupe, lenye maua mekundu aliyoyadarizi mwenyewe. Sikudhani akainama kulitazama. Akakaa hivyo muda, uji wake ukaganda. Kisha akaniita nami nikainama, nikaona kwamba yale maua hayakuwa maua. Ukiyatazama kwa karibu, yalikuwa nyuzi mbili zinazokatana, na pembeni yake nyuzi mbili zinazokatana, hivyohivyo, kila jani la kila ua. "Bibi," Sikudhani akasema, "nikuombe nilitundike pazia lako kwa nje?"

"Hilo litafunika mlango tu."

"Nitalikuza."

"Mpaka wapi?"

"Kutoka kona ile mpaka kona ile. Bibi, kila atakayepita ataona pazia, wala hataona ndani."

Bibi Mwanaidi akafikiri. "Na lile lidudu lako jekundu?"

"Litaingia kwenye ua la katikati. Halitajulikana lipi."

Akalitazama pazia lake, akalipapasa. "Pindoni huku pana ua limepinda," akasema. "Nilidarizi nikiwa na homa ya mtoto wangu wa kwanza. Usilinyooshe."

Tukalitundika pazia kwenye kamba ya nguo kando ya lami, wazi, kila mtu alione. Sikudhani akakaa chini na simu yake, na mimi nikapewa kazi ya kulisoma, tundu kwa tundu, mstari kwa mstari, yeye akiingiza. "Nyekundu. Tupu. Tupu. Nyekundu." Malori yalikuwa yanapita na alinitaka nipaze sauti. Sikuwahi katika maisha yangu kupaza sauti mbele za watu. Mwanzoni ilitoka kama ya mtu anayekabwa, na utingo wakaniigiza, "Tupuuu! Nyekunduuu!" Baadaye walinyamaza, na baadaye zaidi walianza kunikosoa nikiruka tundu. Leo nikifikiria, naona kwamba nilijifunza kuongea siku ile, nikitaja vitu viwili tu.

Buibui akapandishwa. Sijui nieleze vipi mtu aone nilichokiona. Alianza kona ya juu kushoto, akapiga mistari miwili ya kukatana, ukubwa wa sahani ya pilau. Akasogea, akapiga mingine. Akaruka nafasi, akapiga. Mstari wa kwanza haukuwa kitu. Wa pili haukuwa kitu. Kisha kutoka ng'ambo ya lami mtu akasema, "Ua hilo," na tukakimbia wote kuvuka kwenda kutazama kutoka kule, na kweli, ua la Bibi Mwanaidi lilikuwa linachanua kwenye ukuta wa saruji, kubwa kuliko tairi la lori. Malori yalipunguza mwendo. Basi moja la mikoani lilisimama kabisa, abiria wakatoa vichwa madirishani, na kondakta aliyetaka kuwakaripia akatoa chake. Nilikuwa nimekwisha kuifungua na kuifunga mashine ile mara nyingi kuliko nilivyowahi kufunga kamba za viatu, najua kila nati yake, lakini nilisimama pale na nywele za mikono zimesimama. Mzee Kondo alikuwa ameugeuzia ukuta mgongo. Alisema hatautazama mpaka uishe kusema.

Mchana, mashine ikiwa imefika nusu ya ukuta, ile alama ya mwanzo ikiwa bado uchi chini yake, mota ya kushoto ikatoa moshi. Kijisanduku kikayumba, kikaning'inia upande. Sikudhani akashusha, akafungua, akanusa. Waya za ndani zilikuwa zimeungua zote. Mota nyingine ilikuwa Kilosa au haikuwepo kabisa. Upepo ulikuwa umebadilika, ukaanza kuvuta vumbi na harufu ya udongo uliolowa mahali fulani. Alikaa chini, akaweka mikono kichwani, na watu wakaanza kusogea mbali kidogo kidogo, jinsi watu wanavyofanya wasipotaka kushuhudia.

Nilichukua ngazi na kopo. Mzee Kondo akaisikia ngazi ikigonga ukuta, bila kugeuka akasema, "Huyo Msukuma msimpe ngazi, atafugia ng'ombe juu," nami nikapanda. Nilitazama pazia kwenye kamba, nikahesabu nafasi kutoka pale Buibui alipoishia, nikapiga mstari wa kwanza, nikaukatiza kwa wa pili. Ulikuwa umetetemeka kidogo. Nikapiga mwingine. Baadaye nikasikia sauti ya Sikudhani chini yangu: "Tupu. Nyekundu. Nyekundu." Alikuwa amesimama. Kwenye michoro anayoigawa bure leo, ukurasa wa mwisho, ameandika kwamba mota ikifa kazi iendelee kwa mkono, na wale vijana watatu waliniambia walidhani ni mzaha.

Utingo yule aliyecheka kwanza ndiye aliyekuja wa kwanza. "Bro, hii si naiona tu pale kwenye kamba? Nipe brashi." Na ndivyo ilivyokuwa, alikuwa anaiona tu, kila mtu alikuwa anaiona, mpango wote ulikuwa umetundikwa kwenye kamba ya nguo. Muuza chipsi akaja na brashi ya kupakia mafuta. Madereva wakaja na matambara. Mtendaji akavua koti. Dereva wa lori la mbao akaliegesha sambamba na ukuta, wakapanda watu juu ya mzigo kufikia sehemu za juu. Hapo Bibi Mwanaidi akainuka kutoka kwenye godoro. Akaliacha wazi, hivyohivyo, akaja mpaka ukutani na kidole mbele. "Wewe! Hapo pana tupu, hujaona? Futa! Na wewe mwenye kofia, kaza mkono, hilo ni ua, siyo kuku aliyekanyaga." Mtu mzima mwenye lori la tani nyingi akasema, "Samahani, mama," akafuta. Alipofika pindoni, penye ua lililopinda, akatunyang'anya brashi akalipiga mwenyewe. Ile alama ya Sikudhani ilipoingia kwenye ua la katikati sikuiona ikiingia. Nilikuwa upande mwingine, na niliporudi niliitafuta nikaikosa.

Tulipomaliza hatukushangilia. Tulikuwa tumechoka, mikono yote myekundu. Mzee Kondo aliinuka, akatia kigoda chake kwapani, na bado hakugeuka. Alivuka lami kwanza, taratibu, akaenda kusimama ng'ambo wanakosimama wapita njia, ndipo akageuka. Lori lilipita katikati yetu, likatuficha yeye na sisi. Lilipokwisha kupita alikuwa bado amesimama vilevile, kofia ameivua. Kisha akarudi, akanipita, akachukua kopo lake la misumari. "Bati la kwanza nani ananishikia?" akauliza.

Tukamshikia. Tone la kwanza lilimkuta amekwisha kupigilia upande wa chumba cha kulala, na hakushuka. Bibi Mwanaidi aliita utingo wawili wakamwingizia godoro, akawafukuza, akalichukua pazia lake kutoka kwenye kamba, akalitundika mlangoni, akaingia, akalivuta. Tukabaki nje kwenye manyunyu, watu wa Mikumi na watu wa mbali, tunautazama ukuta, na hakuna aliyeweza kuona ndani. Tulisikia tu sauti yake ikimpandia mumewe juu ya bati: "Kondo! Huo uliopigilia umepinda! Siku mbili unanyoosha misumari, na huo umepinda!"